Barafu Nyeusi ya Mdomo wa Mto

Nyie wajukuu zangu wa Durban mnaosoma huku mnatafuna chipsi, wekeni chini kwanza. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Mwezi wa tatu, Durban bado iko joto, nilipanda ndege kwenda Kanada kwa Bahati, mwanangu wa mwisho. Sikwenda kutembea. Bahati alikuwa ameoa Esta, Mkongo aliyekulia huko, nami nilitaka kumpima. Mke wa kaka yake Bahati, Neema, ninayekaa naye hapa, nilishamfundisha: mkamwana hapazi sauti mbele ya mama mkwe, wala hatamki jina lake.

Siku ya pili asubuhi, Bahati akiwa kazini, Esta alinivika makoti matatu akanipeleka ziwani kuvua trauti. Ziwa kubwa, lote barafu, jeupe mpaka macho yanauma. Baridi ilikuwa inaelekea kuisha na wavuvi wengi walishaondoa vibanda vyao vya juu ya barafu. Esta alitangulia akigonga barafu kwa mtaimbo, anasikiliza, ndipo anakanyaga.

"Mama, upite nilipopita."

"Wewe ndiyo unifundishe ziwa? Mimi ni wa Uvira!"

Akainamisha kichwa, akanyamaza. Nikampa maksi.

Alitoboa shimo kwa keekee ndefu, tukateremsha mishipi. Saa mbili nzima, trauti mmoja tu, mdogo kama kiganja. Nikamtia kwenye ndoo. Miguu siisikii tena.

Saa tano nikaona pale mto unapoingia ziwani, barafu nyeusi inang'aa. Kwetu Uvira samaki wanapenda mdomo wa mto. Nikabeba ndoo, nikaenda.

"Mama, tafadhali," Esta akasema, sauti ya kanisani.

Sikugeuka.

"Mama... huko si pazuri."

Nikaongeza mwendo. Chini ya buti kitu kikalia kama shuka linalopasuliwa. Maji yakapanda juu ya barafu, yakazunguka miguu yangu.

"VERONIKA! Lala chini! Lala!"

Tangu mume wangu afariki, hakuna mtu aliyeniita hivyo. Nikalala kifudifudi. Mimi!

"Wacha ndoo! Usisimame, tambaa!"

Naye alikuwa amelala, akanirushia kamba aliyokuwa amejifunga kiunoni. Nikaishika, akavuta, nikatambaa kama mtoto, barafu inalia chini ya kifua changu. Nilipogeuka, pale niliposimama palikuwa maji matupu. Ndoo ilizama, na trauti wetu akarudi kwao.

Ufukweni Esta alipiga magoti kwenye theluji.

"Mama, nisamehe. Nimekutaja jina."

"Nyamaza. Ungenitaja mara ya kwanza."

Nimezeeka nikidhani mkamwana akinyamaza ndiyo heshima. Eish. Heshima ile ilibakiza kidogo tu initie majini.

Jumamosi niliyorudi Durban, Neema alinifungulia mlango, macho chini kama nilivyomfundisha. Sikuvua hata viatu. Nikawaita wote sebuleni.

"Kuanzia leo, anayeniona naenda pabaya aniite jina langu. Neema, anza wewe."

Akaiambia sakafu, "Veronika."

"Sijasikia. Kwa nguvu!"