Magari Yaliyojaa Wenyeji

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ya theluji, na naikumbuka shingo upande, maana kwa mwaka mzima nilikana kosa la siku ile. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba tatizo lilikuwa Kiswahili cha wenzangu Wakongo. Mimi nina shahada ya lugha. Changu kingekuwaje na tatizo?

Kanisa letu pale Richfield, huku ughaibuni, lilinichagua niongoze kikundi cha kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Familia moja ilikuwa inatua mchana: baba, mama na watoto watatu. Nikawaandikia wenzangu ujumbe, nikijiona kiongozi wa kisasa asiyewafuatafuata watu: "Kesho saa nane, uwanja wa ndege. Jiongezeni." Kwetu Dar, kumwambia mtu ajiongeze ni kumwambia atumie akili bila kungoja kuambiwa. Lakini kikundi changu kilikuwa cha Wakongo watupu, nao wakaelewa kwamba watu waongezeke.

Wakaongezeka. Magari yote yalikuja yamejaa: mashangazi, wanakwaya, na mzee mmoja aliyepakata ngoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga; hawakusema mgeni akae wapi. Wageni wetu walisimama nje na ndala miguuni, mama amemfunika kichanga kwa kitenge, upepo unakata, na hapakuwa na kiti hata kimoja kitupu.

"Nani kawaambia mje wote?" nikauliza.

"Si weye, shefu," akajibu Mama Furaha, mwenye gari kubwa kuliko yote; kwao shefu ni kiongozi, si mpishi. "Tukasema, huyu mama anapenda watu."

Nikasema labda tujadiliane. Sijui nilidhani baridi nayo ingetoa maoni. Mama Furaha alikwisha kuwashusha abiria wake, akamvika yule mama koti lake mwenyewe, akaondoka na familia nzima. Sisi walioshushwa tukapanda basi, pamoja na ngoma.

Mwanangu, kumwachia mtu nafasi ya kujituma si kumwacha gizani. Mwambie kazi ni ipi na nani anabeba nini, ndipo umwache atumie akili zake. Na asipokuelewa, kabla hujalaumu masikio yake, kagua kinywa chako. Haya nayasema leo kama niliyezaliwa nayo. Mwaka ule niliendelea kuwalaumu, mpaka baridi iliyofuata, familia nyingine ilipokuwa njiani, Mama Furaha akanipigia simu.

"Shefu, kesho nije na gari tupu ao niongeze watu?"

Nikafungua mdomo nimfafanulie maana ya kitenzi. Nikaufunga.

"Njoo peke yako," nikasema. "Lete makoti na viti viwili vya watoto. Wanakwaya wangoje nyumbani, wapike."

"Haya, sasa tumesikia," akasema. "Ni hiyo tu tulikuwa tunangoja. Mungu akupe kusema mapema, mama, na akupe watu wa kukusikia."

Nikaitikia amina. Nawe, mwanangu, akujalie vivyo hivyo.