Simu Iliyokufa Jikoni

Kaluki alikuwa mtunzaji wa nyumba ya ghorofa ya Bi Sidi, huko Diani. Mwaka wa tisini na nane Bi Sidi alinunua simu isiyo na waya. Kitako chake, kile kinachochomekwa kwenye tundu la simu ukutani, alikiweka chumbani kwake, ghorofani, na mkono wa simu akampa Kaluki akae nao jikoni, chini.

Tangu hapo kila jioni ikawa lawama. "Nimepiga mara tano kutoka ofisini! Ulikuwa umelala?"

"Sikulala, mama. Haikulia."

"Simu mpya isilie?"

Bi Sidi akawaambia hata wageni wake kwamba msichana wa nyumbani ni mvivu. Kaluki, mama wa watoto wanne, aliyasikia hayo akiwa ameshika sinia la chai.

Jumamosi akasema, "Leo kaa wewe jikoni, mama. Mimi ninakwenda kupiga kutoka kibanda cha simu, Ukunda."

Alipiga mara tano. Aliporudi, Bi Sidi alimuuliza, "Mbona hukupiga?"

"Ulikuwa umelala, mama?"

Kaluki hakungoja ruhusa. Alipanda juu, akakichomoa kitako na kukichomeka kwenye tundu la simu la ngazini, ambako sakafu ya zege haikuyazuia tena mawimbi yake kufika jikoni. Alasiri dadake Bi Sidi alipopiga, simu ililia jikoni kwa sauti kubwa.

"Haya, pokea," alisema Bi Sidi.

"Nitapokea. Lakini wale wageni utawaeleza mwenyewe."

Jumapili wageni walipokuja, Bi Sidi aliwaeleza, kwa sauti ndogo. Kaluki alisimama mlangoni hadi neno la mwisho.