Eropleni ya Kilo Sabini

Philomène Goubet alikuwa amepiga pasi mashati ya mabwana wa Bray-les-Meules kwa miaka thelathini, kabla Baroni de Courtemanche hajamwita ashone mbawa za eropleni yake. Alikuwa mwembamba, kilo arobaini na mbili pamoja na viatu vyake vya mbao. Hariri ya mbawa aliitia wanga wa mchele, akaivuta juu ya fito mpaka ikalia kama ngoma. Kila mara baroni alipotaka kujua kama chombo kimekaa sawa, alimkalisha yeye kitini, kwa kuwa baroni hakupenda kudondokewa na mafuta. Hivyo Philomène akavijua vishikio vyote vya kuiendeshea kama alivyoujua mpini wa pasi yake.

Sasa tume ya wizara ilikuwa inakuja kutoka Paris. Eropleni ikiacha ardhi mbele yao, banda ilimotengenezwa litabaki. Isipoacha, litabomolewa Jumatatu, na Philomène atarudi kwenye kola za watu.

Baroni alikuwa amepiga hesabu: injini itamwinua mtu wa kilo sabini, si zaidi. Asubuhi ile alipanda mizani ya magunia. Sabini kamili.

"Ruka sasa hivi, Bwana Mkubwa," alisema Philomène. "Upepo umelala."

"Kabla ya chakula? Mama Goubet, hawa ni wageni wa serikali!"

Waungwana wa nchi ile waliweza kuahirisha hata vita, lakini si chakula cha mchana. Kukataa sahani ya meya kulikuwa kumtukana meya, mkewe na Jamhuri yenyewe. Basi baroni akala pai ya bata, akala sungura wa mchuzi wa haradali, akala jibini za aina tatu. Zikasomwa hotuba nne, kila moja ikidai glasi yake. Mwenyekiti wa tume, mzee mwenye masharubu yaliyopakwa nta, alitokwa na machozi akisifu ushindi wa akili ya binadamu dhidi ya uzito.

Saa tisa Philomène alimvuta baroni hadi kwenye mizani. Sabini na tatu na nusu.

"Mizani imeharibika," alisema baroni.

"Mizani haijala bata, Bwana Mkubwa."

Wakang'oa mto wa kiti. Baroni akavua koti na viatu. Medali alikataa kuzivua. Eropleni ikakimbia shamba zima, ikirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu, ikaishia kwenye ua wa miti. Ikarudishwa, ikaishia palepale. Mke wa meya akatangaza kahawa, na tume nzima ikageuza mgongo. Baroni akawafuata kwa soksi tu, akiilaani petroli. Mwenyekiti alikuwa ameshatoa kalamu.

"Firmin," Philomène alimwambia mhunzi aliyekuwa ameshika mkia, "zungusha pangaboi."

"Una wazimu, Mama Goubet? Nani atapanda?"

"Ambaye hakualikwa mezani."

Akakaa kitini, na magurudumu yakaacha majani mara moja. Akapita juu ya kofia za tume, vikombe vikamwagika, akatua kwenye kabichi za meya bila kupasua hata mshono mmoja.

Mwenyekiti alikuja mbio. "Nani alikuwa ndani?"

"Mimi, bwana."

Mzee akachungulia nyuma yake kumtafuta mwanamume. Kisha akafungua fomu. "Hapa panatakiwa cheo na kikosi cha rubani. Wewe cheo chako nini?"

"Mpiga pasi."

Wajumbe wa tume wakanong'onezana kwa muda mrefu. Hatimaye wakaandika, wakatia sahihi wote saba: *Eropleni ya Baroni de Courtemanche imeruka mita mia na themanini bila rubani.*

Banda likabaki. Wizara ikajenga na la pili, ili muujiza huo uchunguzwe kitaalamu. Philomène alishona mbawa mle miaka tisa zaidi. Na kila tume mpya ilipofika kukitazama chombo kinachojiendesha chenyewe, alingoja mabwana wakae mezani, akavua viatu vyake vya mbao, akapanda.