Mfaransa wa Baba kwenye Posa ya Dada

Upumbavu wangu naukiri mapema: nilimtaja Mfaransa wa baba kwenye posa ya dada.

Baba kakulia Bujumbura, Kifaransa anacho, na dishi letu la televisheni, hapa mtaani Mabela, lilielekezwa Paris. Maskati hatuna chama cha siasa hata kimoja, kwa hiyo baba alitumia vya Ufaransa. Mtu wake alikuwa mwanasiasa mmoja wa mrengo wa kushoto. Alianza kwa wakomunisti, akagombana nao. Akaingia kwa wasoshalisti, akapata uwaziri, akagombana nao. Akaunda chake, kikawa na watu wachache mno wa kugombana nao, akakifunga na kwenda kwa watu wa mazingira. Kila alipohama, baba alituita sebuleni: "Mnamuona mtu mwenye msimamo!"

Ijumaa hiyo, baada ya Alasiri, akaja ami wa kijana aliyetaka kumuoa dada. Akasema shida yake, akaweka finjani ya kahawa chini bila kuionja. Kwetu hainyweki mpaka ombi likubaliwe. Nyuma ya mlango, dada, aliyempenda yule kijana tangu chuoni, alikuwa katega sikio.

Baba akakohoa. "Kijana wenu nnamheshimu. Lakini miaka minne kazi tatu? Mtu wa kuhamahama simuozi binti yangu."

Kahawa ikaendelea kupoa.

Mimi nilishika dele la kahawa. Kazi yangu ilikuwa kumimina na kunyamaza. Kumimina nilikuwa nimemaliza.

"Baba, mbona yule Mfaransa wako kapita vyama vinne, na ungempa binti leo leo?"

Ami akashtuka. "Mfaransa gani tena? Kuna mposaji mwingine?"

Ikabidi baba aeleze. Alieleza tangu wakomunisti, robo saa nzima, akamalizia kwa hasira: "Na hakuhama yule! Vyama ndivyo vilivyomwacha. Yeye kasimama pale pale!"

"Basi na wetu," akasema ami. "Mhandisi. Kampuni mbili zilimtaka atie saini kupitisha kuta mbovu, akakataa, akatoka."

Baba akaitazama televisheni. Ilikuwa imezimwa, haikumsaidia.

"Kunywa kahawa yako, sheikh."

Ami akainywa ya baridi. Vigelegele vikalia nyuma ya mlango kabla haijafika kooni.

Wageni walipotoka, mama alinivuta sikio mpaka jikoni, akalibusu sikio lile lile, akasema: "Dada yako kapata mume, alhamdulillahi. Wewe siku ukitaka mke, kamtafute huyo Mfaransa akakuposee. Mimi mdomo huo siupeleki kwa watu."