Ng'ombe Wanaobeba Masomo ya Boke

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyanungu, wilayani Tarime. Mniko Zablon ameshika chaki mkono wa kulia na mkia wa ng'ombe mkono wa kushoto, na ng'ombe hataki kabisa kuandikwa.

"Tulia wewe, nimalizie herufi moja!" anafoka.

Ng'ombe anapiga ndoo teke. Kwenye ubavu wake mweusi linasomeka neno HAPA, herufi ya mwisho ikiwa imeteremka hadi pajani.

Mlangoni mwa zizi amesimama bintiye Boke, wa darasa la kwanza, tayari ndani ya sare. Kila ng'ombe anayetoka, yeye husoma neno lake. Mama yake, Waisiko, anakamua kando huku akicheka waziwazi.

"Wenzake wananunua vitabu, huyu anachafua mifugo," anasema.

Mniko huuza maziwa kwa baiskeli, na siku njema hupata kama shilingi elfu kumi. Muhula uliopita, mwalimu wa Boke, Samira, alimwita shuleni na kumweleza bila kuzunguka: mtoto anaunganisha silabi mpaka kengele inalia. Maneno mafupi ya kila siku anatakiwa kuyatambua mara tu anapoyaona, na mazoezi yafanyike nyumbani. Vinginevyo atarudia darasa.

"Nilikata maboksi nikatengeneza kadi," anasimulia Mniko. "Nikaziacha juu ya uzio, ndama akala zote. Nikasema basi, kama wanapenda masomo kiasi hicho, wayabebe wenyewe."

Ng'ombe weusi aliwaandika kwa chaki, weupe kwa mkaa. Baada ya majuma machache Boke alikuwa anasoma zizi zima bila kusita, na baba mtu akavimba kichwa. Kule kwenye josho aliwatangazia wafugaji wenzake mpaka wakamchoka.

"Mura, ndugu yangu, huyo mtoto atakuwa hakimu," rafiki yake Marwa alimwambia, ili tu anyamaze.

Siku ya kupimwa ikafika. Mwalimu Samira akaandika "kwa" ubaoni. Boke akaukodolea macho ubao. Mwishowe akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hili ni la yule mwenye pembe au asiye na pembe?"

Darasa likaangua kicheko. Boke alirudi nyumbani analia, na siku hiyo hata Waisiko hakucheka.

Kumbe majuma yote hayo kila ng'ombe alikuwa akibeba neno lake lilelile, bila kubadilishiwa. Kwa Mniko hilo halikuwa jambo la kufikiria mara mbili.

"Kwetu ng'ombe akishapewa jina, amepewa," anajitetea. "Utamwitaje Madoa leo, kesho umwite jina lingine?"

Boke, mtoto wa wafugaji, hakuwa anasoma maneno. Alikuwa anatambua ng'ombe.

"Iliniuma sana," anasema Mniko. "Kosa langu, akachekwa yeye."

Tangu hapo maneno huhamishwa kila asubuhi. Ijumaa hii Boke atapimwa tena, safari hii kwa sentensi. Sentensi inataka ng'ombe wakae foleni, na ng'ombe wa Nyanungu foleni hawaijui.

Leo wanne wamebeba BABA YUKO HAPA LEO. Mniko anafungua mlango, nao wanatoka wanavyotaka: HAPA mbele, LEO nyuma yake, kisha BABA, na YUKO wa mwisho, anatafuna.

Boke anakunja uso. Anachukua fimbo ya baba yake, anamshika HAPA pembe na kumrudisha nyuma.

"Wewe si wa kwanza," anamkemea. "BABA, pita mbele! YUKO, mfuate!"

Anawapanga mmoja mmoja, kisha anasoma sentensi yote kwa pumzi moja. Waisiko ameacha kukamua. Mniko anajifuta macho kwa mkono wenye chaki, na sasa uso wake nao umeandikwa.

"Nataka avuke Ijumaa," anasema. "Darasa la pili wanasoma hadithi nzima."

Analitazama zizi lake dogo, anakuna kichwa.

"Itabidi niazime ng'ombe wa Marwa."