Kitambaa Usoni mwa Mdogo Wangu

Habari zenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Admin, nifichie jina langu, na majina mengine humu si ya kweli. Mimi ni bibi wa miaka themanini na tatu, naishi Kasongo, na naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Mkitaka kunitukana, subirini kwanza nifike mwisho.

Mambo haya yalitokea miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kijijini kwetu upande wa Kabambare. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wangu Amisi, wa miaka sita, alivimba taya. Tulidhani ni jino. Mwezi haukuisha, shavu lote lilikuwa limejaa, jicho limesukumwa juu. Baba alikuwa kwenye kazi za barabara na mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali moja kule Kasongo nikawa garde-malade wake, yaani wa kumpikia, kumwosha na kulala chini ya kitanda chake.

Amisi alipenda karanga za kukaanga kuliko nyama. Pale hospitali hakuweza tena kutafuna. Aliniambia, "Yaya, unitafunie." Kwetu yaya ni dada mkubwa. Nilizitafuna mpaka zikawa uji, nikamwekea upande usiouma. Mpaka leo sili karanga. Nyumbani wanadhani ni kwa sababu ya meno.

Daktari alikuwa Mzungu mpole. Alisema ni kansa adimu, hata wao hawaijui vizuri. Jambo moja alilirudia kila siku kupitia muuguzi wake Mkongo: ugonjwa huu hauambukizi, lala naye, kula naye, usiogope. Na mtoto akiletwa uvimbe ukiwa bado mdogo, anaweza kujaribu kuukata. Sisi tulikuwa tumechelewa. Amisi alikufa asubuhi moja nilipokwenda kuchota maji.

Muuguzi alinifuata nikiwa bado nimeshika ndoo. "Pole, mudogo wangu. Munganga, daktari wetu huyu, iko anaomba kitu kimoja. Ule mufupa wa taya, anataka kuutuma Ulaya wauchunguze. Pengine watoto wengine watapona."

Nilikataa. Akaniuliza, "Sasa nani atamufikisha kwenu? Ukikubali, kamio, lori ya hospitali, itawapeleka mupaka mulangoni." Nikamfikiria mama akiletewa habari tu, bila mwili. Nikakubali. Walipokwisha kuutoa, walimfunga kitambaa kuanzia shingoni mpaka machoni, wakakikaza kwa fundo kisogoni. Ule mfupa sijui uliishia wapi, wala kama ulimsaidia mtu.

Tulipofika kijijini mama alikuja na beseni la maji. "Munipishe nimuoshe mutoto wangu," alisema. Niliona mkono wake ukienda kwenye lile fundo. Nikajua ataona mfupa haupo, nikapiga kelele: "Mama, usifungue! Munganga amekataza! Huu ugonjwa unaambukiza!"

Mama akaurudisha mkono. Wanawake wote wakarudi nyuma. Amisi akazikwa bila mama yake kumwona uso.

Nilifikiri uongo ule utaishia kaburini. Wapi! Watu waliacha kula kwetu. Mama akiwapelekea majirani mihogo, baadaye anaikuta imetupwa njiani. Kisimani alingoja wote wachote ndipo achote yeye. Na hakulalamika, kwa sababu aliniamini. Alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi inapasuka kabla ya kumshika mtoto wake mchanga. Nilimtazama kila siku nikanyamaza.

Mvua zilizofuata, mtoto wa jirani akaanza kuvimba taya. Kidogo tu, kama jino. Wazazi wake walimficha kwenye kibanda cha shambani. Chakula walikiacha mlangoni wakakimbia. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno ya daktari kwa masikio yangu. Lakini nikisema hauambukizi, mama ataniuliza kwa nini nilimzuia kumwona mwanawe. Nikakaa kimya. Mtoto yule alifia shambani. Labda hata daktari asingemponya, sijui. Lakini asingekufa peke yake, na hilo haliniachi nikilala wala nikiamka. Mama naye alikufa akiamini alichosikia kwangu.

Sasa mjukuu wangu ni muuguzi hapa Kasongo. Yeye na wenzake wana kikundi cha kusaidia watoto wenye kansa ile na familia zao, na wanachangisha ili utafiti uendelee. Jumapili wana mkutano mkubwa, na amenibembeleza nizungumze. "Bibi, useme tu ulilala naye, ulikula naye, na haikukupata kitu," aliniambia. "Kuna familia moja imemuficha mutoto wao ndani, inaogopa watu. Wakikuona wewe, watamutoa."

Ningesema tu hivyo nikakaa chini, nani angejua? Lakini kuna Zaina. Zaina ni dada wa yule mtoto aliyefia shambani. Alihamia Kasongo miaka mingi iliyopita, ni jirani yangu, ndiye anayenipikia ninapougua. Amekwisha kusikia mahubiri ya mjukuu wangu. Juzi tulikuwa tunachagua mchele uani, akaacha mikono kwenye ungo, akaniuliza: "Yaya, kama haiambukizi, kule kwetu nani alianza kusema inaambukiza?"

Nikamwambia sikumbuki.

Nikifunua, nampoteza Zaina, na labda hata mjukuu wangu. Nikinyamaza, yule mtoto wa pili nitakuwa nimemzika mara mbili. Na huyu wa tatu bado yuko hai, amefungiwa ndani. Nishaurini jamani, nifanye nini? Jumapili ni keshokutwa, na Zaina ameshasema atakaa mbele kabisa, anisikie vizuri.