Nilipenda mdomo wa vyungu vyake, sikujua ni kidole chake

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano, kwetu ni Mkuyuni. Nina aibu sana, hata hapa nimeandika nikafuta, nikaandika tena.

Napenda kufinyanga. Kuna mama mmoja mfinyanzi wa Kisesa, vyungu vyake nilikuwa naviona sokoni tu, mwenyewe sijawahi kumwona akifinyanga. Vyote mdomo umebonyea kidogo upande mmoja, kama vinataka kukuambia kitu. Nikajua huo ndio usanii wake. Likizo nzima nilikaa nyuma ya nyumba najifunza kubonyeza vilevile, mpaka mkono ukazoea.

Shuleni yakafanyika maonyesho, mwalimu akamwalika yule mama. Nilipanga vyungu vyangu na kadi ya Kiingereza kwamba nimevitengeneza kwa heshima yake. Kiingereza yeye hajui, na mimi sikumsomea. Akashika kimoja, akaniuliza kwa nini nimekibonyeza. Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba nimeiga vya kwake. Akaninyooshea mkono wa kulia. Dole gumba limepinda.

"Hili lilivunjika, halinyooki. Linazama kwenye udongo kila nikizungusha. Miaka yote nahangaika mdomo ukae sawa, haukai. Na wewe mwenye vidole vizima umeona unicheke mbele za watu?"

Wenzangu nyuma wakacheka kweli. Nilitaka kumweleza, akanipa mgongo. Aliondoka, soda yake hata hajaigusa.

Jumapili nilimfuata kwake na shangazi. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliuficha mkono ndani ya kanga, akamwambia shangazi, "Mpeleke mwanao nyumbani, nina kazi."

Tangu hapo haonekani sokoni. Wanaouza naye wanasema anaona kila mteja atauangalia mdomo wa chungu, kisha amwangalie yeye mkono.

Mwalimu anataka nitengeneze vingine. Nikinyoosha mdomo naona kama nasema kidole chake ni kitu cha aibu. Nikiubonyeza, namcheka tena. Udongo upo kwenye ndoo, siugusi. Shangazi anasema mambo ya kufinyanga yaishe, na labda yameisha kweli.

Hilo la kwangu liacheni. Ninachowaomba, hasa nyinyi akina mama mnaosoma hapa, nishaurini: nifanye nini ili yule mama arudi sokoni?